Una mbwa au paka Mtwara au Lindi? Soma hii kabla hujakimbilia duka la dawa za mifugo

Ndugu zangu wa Kusini, nimeamua kuandika hii kwa sababu tunapoteza mbwa na paka kwa mambo yaleyale kila mwaka, na mengi yanazuilika kabisa, na baya zaidi mengine tunayafanya wenyewe kwa nia njema, yani mtu anampenda paka wake, kamwona ana viroboto, anaenda dukani anachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe anampaka, kesho paka hayupo. Nashughulika na wanyama hapa Mtwara na haya ndo maswali yanayokuja sana, kwa hiyo naandika kama ninavyomwelezea mtu akija na mnyama wake. Ni ndefu kidogo, ila isome yote.

Chanjo ya kichaa, hii haina mjadala

Naanza na kichaa cha mbwa maana huu hauui mbwa peke yake, unaua na mtoto wako. Dalili zikishaanza, iwe kwa mtu au kwa mnyama, hakuna dawa, ni kifo karibu kila mara. Ila kabla dalili hazijaanza unazuilika kabisa. Makadirio ni kwamba duniani watu kama 59,000 wanakufa na ugonjwa huu kila mwaka na karibu wote, 99 kati ya 100, wameupata kwa mbwa. Sasa huku kwetu kuna na mbweha, kwenye mikoa hii ya Lindi na Mtwara mbweha nao wamekutwa na kichaa mara nyingi, kwa hiyo we uliyeko Liwale, Nachingwea au Nanyumbu ambaye mbwa wako anashinda porini au analinda shamba nguruwe pori wasiingie, mbwa wako yuko kwenye hatari kuliko wa mtu wa Shangani hapa Mtwara mjini. Ukimwona mbweha kaingia kijijini mchana kweupe na haogopi watu, usimsogelee na usiwaache watoto wamfukuze kwa mawe, mtafute bwana mifugo au mwenyekiti wa kijiji.

Wakubwa mtakumbuka kuanzia 2010 mikoa yetu iliingia kwenye mradi mkubwa wa kuchanja mbwa, Shirika la Afya Duniani pamoja na serikali, mbwa wakachanjwa vijiji kwa vijiji. Watu wengi wakabaki na mawazo kwamba "sisi wetu walishachanjwa." Jamani mbwa waliochanjwa kipindi kile wameshakufa wote, hawa ulionao ni vitukuu. Chanjo ya kwanza anapata akiwa na miezi mitatu, anarudia baada ya mwaka, halafu kila mwaka labda daktari akwambie chanjo aliyotumia inakaa zaidi. Kampeni ikija mtaani kwenu leta wote, hata vile vitoto vidogo, usiseme bado hawajafikisha, wachanje halafu utawarudia baadae. Leta na paka pia, paka anaumwa kichaa vizuri tu na akiuma anauma sana usoni na mikononi.

Kinachohitajika ni angalau mbwa 70 kwenye kila 100 wa eneo wawe wamechanjwa, hapo virusi vinakosa pa kupita. Ndo maana hata kama mbwa wako umemfunga muda wote hapo uani bado nakuomba umlete, maana mbwa wanazaliana haraka na hiyo asilimia inashuka kila baada ya miezi michache. Wapo wanaosema mbwa akichanjwa anakuwa mpole halindi tena, au hawindi. Si kweli hata kidogo. Atapoa kidogo siku moja mbili hivi mahali pa sindano panauma, basi, baada ya hapo anabweka kama kawaida.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ndo tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, yule Mfaransa aliyemchanja mtu wa kwanza dhidi ya kichaa mwaka 1885. Kuanzia mwanzoni mwa Septemba anza kuuliza kwenye ofisi ya mifugo ya halmashauri yako kama kuna chanjo inapita mitaani na lini inafika kwenu. Usisubiri mpaka usikie kipaza sauti maana gari likishapita limepita. Siku yenyewe usimtume mtoto wa miaka nane na mbwa mkubwa, aje mtu ambaye mbwa anamsikiliza na ana nguvu za kumshika, pale mbwa wanakuwa wengi na wanagombana.

Ukiumwa na mbwa, au mtoto akiumwa

Osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, weka saa kabisa, watu wanaosha dakika moja wanasema tayari. Usipake pilipili, usipake mafuta ya taa, usifunge na majani. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, Ligula kama uko Mtwara mjini, Sokoine kama uko Lindi, au kituo chochote cha afya kilicho karibu nawe, ukaulize chanjo ya kichaa, na kama hapo haipo wakuelekeze ilipo uende, usirudi nyumbani ukakaa. Chanjo ni dozi kadhaa za tarehe tofauti, zimalize zote hata kama kidonda kimeshakauka. Hata mkwaruzo mdogo, hata mbwa kakulamba kwenye kidonda kibichi, nenda.

Mbwa aliyeuma kama anafahamika na ni mzima mfungeni pazuri mumwangalie siku 10. Akiwa na kichaa atabadilika au atakufa ndani ya hizo siku. Watu wanakimbilia kumpiga afe na kumtupa baharini, sasa hapo hatutajua tena alikuwa na nini. Kama ameshauawa, usimchome moto na usimguse mikono mitupu, mpigie bwana mifugo maana kichwa chake kinaweza kupimwa maabara.

Alafu hili lishike sana. Mbwa mwenye kichaa siyo lazima awe mkali anakimbiza watu. Wapo wanaokuwa kimya tu, taya limelegea, mate yanadondoka, hawezi kumeza, sauti ya kubweka imebadilika kama imekauka. Mwenye mbwa anafikiri kakwamwa na mfupa, anaingiza mkono mdomoni atoe. USIINGIZE MKONO. Hata ng'ombe na mbuzi hivyohivyo. Mfungie mahali, mpigie daktari.

Dawa ya kupe, hapa ndo paka wetu wanapoisha

Kupe Kusini wapo mwaka mzima kwa sababu ya joto na unyevu, mvua zikianza mwezi wa 11 na wa 12 ndo wanazidi. Kupe hawanyonyi damu tu, wanaleta homa ya kupe, mbwa anapoa, hali, anakonda, fizi zinakuwa nyeupe, mwingine anatoka damu puani. Kwa hiyo dawa ni muhimu, sikatai.

Shida ni kwamba madukani dawa nyingi za kupe zimeletwa kwa ajili ya ng'ombe, na mtu akifika anasema "kaka nipe dawa ya kupe" anapewa ile, haulizwi ya mnyama gani. Kwa mbwa baadhi zinaweza kutumika kama daktari amekupimia namna ya kuchanganya na maji. Kwa paka nyingi ni sumu. Angalia lebo, ukiona jina la dawa linaishia na "thrin" hiyo usimguse nayo paka, mwili wa paka hauwezi kuivunja kama wa mbwa, anaanza kutetemeka, anarukaruka misuli, anapata degedege anakufa. Amitrazi nayo usimpake paka. Na kama una mbwa na paka ndani ya nyumba moja na umempaka mbwa, watenganishe mpaka mbwa akauke kabisa, maana paka anamlalia mbwa alafu anajilamba.

Ikishatokea umempaka paka kimakosa, haraka mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, usitumie maji ya moto, mkaushe na taulo au kanga, mfunike, mbebe hivyohivyo mpaka kwa daktari pamoja na chupa ya dawa. Usimpe maziwa eti yaue sumu, hayaui.

Kwa paka mwenye viroboto uliza dawa iliyoandikwa kabisa kwamba ni ya paka, na uwe unajua uzito wake. Kama haipo dukani basi kitana chenye meno ya karibu na beseni la maji ya sabuni, unachana, unachovya, unachana, kila siku, na kile kitambaa anacholalia unakifua na kukianika juani. Mayai ya viroboto yako kwenye mkeka na kwenye mchanga, kwa hiyo kumtibu paka peke yake bila kusafisha anapolala ni kazi bure.

Tukiwa hapohapo kwenye sumu, dawa za binadamu. Panadoli inaua paka, kidonge kimoja kinatosha, narudia kidonge KIMOJA. Mbwa nae usimpe brufeni wala diklofenaki, zinamtoboa tumbo na kuharibu figo. Mnyama akiumwa usimpe chochote cha kabatini kwako mpaka umeuliza.

Sumu za huku kwetu ambazo watu wa mikoa mingine hawazijui

Ukisoma maelekezo ya mbwa yaliyoandikwa na watu wa mbali utaambiwa chokoleti, zabibu, vitunguu. Ni kweli zote hizo ni mbaya (vitunguu hasa, kwa hiyo ule mchuzi wa jana wenye vitunguu na vitunguu saumu usimmwagie mbwa na paka kabisa). Lakini sisi tuna ya kwetu.

Kwanza bunju, yule samaki mwenye sumu anayejivimbisha. Wavuvi wakivuta nyavu bunju anatupwa ufukweni kwa sababu haliwi, na mbwa na paka wa Mikindani, wa feri, wa Kilwa wanazunguka hapohapo. Sumu ya bunju haiondoki kwa kupikwa wala kukaushwa, inapooza misuli mpaka ya kupumua. Mnyama anaanza kuyumba, miguu ya nyuma inalegea, anatapika, anatoa mate. Haina dawa maalum ya kuiondoa, anahitaji kusaidiwa kupumua na kuangaliwa, kwa hiyo cha kufanya ni mbio kwa daktari. Wavuvi nawaomba sana, bunju mfukieni au mrudisheni majini mbali.

Pili korosho. Siyo ile iliyobanguliwa, nasema ganda. Mafuta ya ganda yanachoma ngozi, wabanguaji mnajua mikono inavyokuwa. Mtoto wa mbwa anatafuna ganda anababuka mdomo, hali siku mbili tatu. Suuza mdomo kwa maji mengi na usimwache acheze kwenye rundo la maganda. Na kipindi cha kupuliza mikorosho kwa ajili ya ubwiriunga (ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho), Tandahimba, Newala, Masasi kote huko, mbwa anaenda na bwana wake shambani, anarudi manyoya ya njano ya salfa, macho mekundu anakohoa. Siku ya kupuliza mwache nyumbani. Akishapata, mwoshe mwili mzima na macho umwagie maji safi taratibu. Dawa za maji ndo hatari zaidi kuliko salfa ya unga, zile chupa tupu na ndoo ya kuchanganyia usiziache chini, mbwa mwenye kiu atakunywa, na kule juu Makondeni ambako maji ni ya shida mbwa anakunywa chochote anachokikuta. Kwa hiyo mwekee maji yake kwenye chombo kizito kisichopinduka, kivulini, asubuhi na jioni.

Tatu sumu ya panya. Ukitega ndani, funga paka. Na panya aliyekufa usimtupe nje, mfukie.

Chakula

Ugali mtupu haumtoshi mbwa. Mchanganyie dagaa au utumbo uliochemshwa, na mboga kidogo, mafuta kidogo, inatosha kwa mbwa mkubwa mzima. Paka ni habari nyingine, paka lazima ale nyama au samaki, mwili wake hautengenezi vitu fulani ambavyo viko kwenye nyama tu, ukimlisha ugali na maziwa miaka na miaka macho yanakufa na moyo unachoka. Samaki chemsha, toa miiba. Mifupa ya kuku iliyopikwa usitoe kwa yeyote, inapasuka vipande vikali inachana utumbo. Muhogo usimpe mbichi hasa ule mchungu, uliopikwa vizuri hauna neno.

Minyoo na kuharisha kwa watoto wa mbwa

Vitoto vya mbwa vinazaliwa na minyoo kutoka kwa mama, kile kitumbo kama ngoma siyo kushiba. Dawa ya minyoo anaanza wiki ya pili, anarudia kila wiki mbili mpaka afikishe wiki 12, halafu kila mwezi mpaka miezi sita, baada ya hapo kila miezi mitatu. Na mama mpe pamoja nao. Dozi inaenda na uzito kwa hiyo mpime, panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa. Hii inalinda na watoto wako, ile mistari ya kuwasha inayotembea chini ya ngozi ya mguu baada ya kucheza ufukweni ni vijiminyoo vya safura vya mbwa na paka vilivyotoka kwenye kinyesi mchangani. Okota kinyesi, fukia mbali. Mama mjamzito usisafishe kinyesi cha paka, afanye mtu mwingine, na ukifanya bustani nawa.

Sasa kuna parvo, na hapa nataka mnisikilize maana inafagia vitoto vyote vya uzao mmoja kwa wiki. Kitoto jana kilikuwa kinacheza, leo kimelala, kinatapika, kinaharisha damu yenye harufu kali sana ya kipekee, ukiisikia mara moja huisahau. Watu wanasema karogwa au kalishwa sumu na jirani, ugomvi unaanza. Ni virusi. Hakuna dawa ya kuviua, anachokifia mtoto ni kuishiwa maji, kwa hiyo anahitaji dripu na daktari mapema, siyo siku ya tatu. Vuta ngozi ya shingoni uachie, kama inachelewa kurudi na fizi ni kavu, maji yameshaisha huyo, ondoka saa hiyohiyo. Usimlazimishe kula wala kumwagia uji mdomoni, anaupalia.

Kinga yake ipo, ni ile chanjo ya mchanganyiko, siyo hii ya kichaa, wengi wanachanganya wanasema "wangu kachanjwa" kumbe kachanjwa kichaa tu. Inaanza wiki ya 6 mpaka ya 8, inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16. Ulizia kliniki mapema maana siyo kila siku inakuwepo, na ukiikuta dukani iko kabatini nje ya friji usinunue, chanjo inakaa nyuzi 2 mpaka 8 muda wote, kwa joto letu hili ikikaa nje imeshakufa. Mbwa akifa na parvo pale uani usilete mwingine mchanga, virusi vinakaa kwenye udongo miezi mingi. Sakafu na vyombo osha kwa sabuni kwanza, halafu jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, acha ikae dakika 10.

Joto

Mwezi wa 11 mpaka wa 2 usimfunge mbwa chini ya bati wala kwenye banda lisilopitisha upepo. Akianza kuhema kwa nguvu, ulimi mwekundu sana, anayumba, mpeleke kivulini mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpepee, asinywe mengi kwa mkupuo. Kisha daktari hata kama amepata nafuu.

Kuzaa

Paka jike anaweza kubeba mimba akiwa na miezi minne mitano tu, na mimba ni kama siku 63, fanya hesabu mwenyewe. Kuwatupa vitoto sokoni kwenye boksi si jibu, mfunge kizazi. Na dume ahasiwe, atapunguza kuzurura na kupigana. Usimchome sindano ya uzazi wa mpango ya akina mama, inaharibu kizazi kinajaa usaha na anaweza kufa. Na kumkata mbwa masikio eti awe mkali, au kumlisha pilipili, acheni kabisa, ni mateso na tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008.

Siku ya kumpeleka

Piga simu kwanza, sema ni mnyama gani, umri, uzito, ameanza lini, amekula nini, umempa dawa gani. Usifiche kama ulimpa kitu, hatugombani na mtu, tunataka kumwokoa. Hakikisha unayeongea nae amesajiliwa na Baraza la Veterinari, una haki ya kumuuliza na mtaalamu wa kweli hakasiriki.

Paka mweke kwenye tenga la kuku au boksi lenye matundu, chini weka kanga aliyoizoea, juu funika. Usimpakate kwenye bodaboda, akishtuka pikipiki nyingine anaruka na hutampata tena. Mbwa mfunge kamba, na kama anauma chukua kitambaa kirefu, tengeneza kitanzi, kivishe juu ya pua, kaza chini ya kidevu, zungusha nyuma ya masikio ufunge fundo la kufunguka haraka. Usimfunge mdomo hivyo kama anatapika au anahema sana.

Kama anaharisha chukua kidogo kwenye kopo safi uje nacho. Kama ni sumu njoo na chupa au pakiti. Na njoo na kadi yake ya chanjo, ambayo ukishapewa ipige picha kwenye simu siku hiyohiyo, maana za karatasi mvua ya masika ikiingia ndani hazibaki, na mtu akiumwa na mbwa wako hiyo kadi ndo kitu cha kwanza watakachokuuliza.